Ukikosolewa na Mdogo Wako

Swali: Ninafundisha kwaya ya kanisa letu hapa Kondele, Kisumu, mwaka wa 14 sasa. Wiki tatu zilizopita kijana wa miaka 19 anayetupigia kinanda alinikatiza mazoezini, akasema alto (sauti ya chini ya wanawake) wanaimba *fa* mahali palipoandikwa *fi*, sauti iliyo juu kidogo ya *fa*. Nikamuuliza, "Nilipoanza kufundisha hapa wewe ulikuwa hata umeanza shule?" Watu wakacheka, yeye akatoka. Nyumbani nilifungua solfa, yaani noti za wimbo, nikakuta ni *fi* kweli. Hajarudi. Nimefunga na kuomba, lakini kila nikitaka kumwendea moyo unagoma. Nifanyeje?
— Mwalimu wa kwaya

Jibu: Mwalimu, kukosea sauti si dhambi. Kiburi kiliingia pale ulipoacha kuuliza "Je, ni kweli?" ukauliza "Nani huyu anayesema?" Kwa hiyo kufunga pekee hakutakutoa hapo. Katika Mathayo 5:23-24 Bwana anamwambia mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Nenda kabla ya mazoezi yanayofuata.

Nenda wewe. Usimwite nyumbani kwako, usimtume katibu wa kwaya, wala usimwandikie ujumbe kwa simu. Ukifika, taja kosa kwa jina lake: "Ulisema kweli kuhusu alto. Nilikudharau mbele ya wenzako kwa sababu ya umri wako. Nimekosa, naomba unisamehe." Hayo hayamalizi dakika moja. Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu, maana kimya kinauma, na mtu akiumwa huanza kujieleza. "Kama nilikuumiza" humrudishia yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba aliumia. "Lakini nawe ungengoja tumalize" hufuta kila kilichotangulia. Huenda kweli angengoja. Hilo lina siku yake, na siku hiyo si hii.

Pia usiende na picha ya jinsi atakavyokupokea. Naamani, jemadari mwenye ukoma aliyemwendea nabii Elisha aponywe katika 2 Wafalme 5, alikasirika kwa sababu alikwisha kuwaza kwamba nabii atatoka nje, asimame, aliite jina la Mungu wake. Badala yake akaletewa neno na mjumbe: kaoge Yordani mara saba. Nusura arudi kwao na ukoma wake, wakamwokoa watumishi wake waliomsemesha kwa upole, na safari yenyewe ilianzia kwenye neno la msichana mateka. Kijana wako anaweza kukujibu kwa ubaridi. Anaweza asirudi. Hata hivyo utakuwa umeomba msamaha.

Kwa kuwa ulimdharau mbele ya kwaya, lirekebishe mbele ya kwaya. Mazoezi yakianza, sema sentensi mbili, na kama amerudi, mpe alto awafundishe mstari ule. Usilipeleke kwenye ushuhuda wa Jumapili. Kanisa zima halikuwepo, na hapo kiburi kitapata makofi kwa jina la unyenyekevu. Wala usijiuzulu! Mwenye kiburi akishindwa kuwa juu ya wote, mara nyingi huona afadhali aondoke kuliko kukaa miongoni mwao, na kwaya hubaki bila mwalimu.

Najua kinachogoma moyoni: kwetu mkubwa hamwombi mdogo radhi. Sisi watu wazima tunalipenda sana 1 Petro 5:5 linaposema, "vijana, watiini wazee", tukaishia hapo. Mstari unaendelea: "Naam, ninyi nyote jifungeni unyenyekevu, mpate kuhudumiana." Neno la Kigiriki lililotumika ni la kujifunga vazi la kazi, kama mtumwa. Na anayeandika ni Petro, aliyemwona Yesu akijifunga kitambaa kiunoni ili awatawadhe wanafunzi wake miguu, na ambaye mwenyewe alikataa kwanza kutawadhwa.

Baada ya hapo kuna mazoezi ya muda mrefu. Ukikosolewa, jibu "Asante, nitaangalia", kisha usijitetee mpaka siku ipite. Tafuta pia mtu mmoja asiyekuogopa, umweleze makosa yako kila wiki. Ndugu wa uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 huita hivyo kutembea nuruni. Usimwambie tu "nina kiburi", maana hilo halimgharimu mtu chochote. Mwambie ulimjibu nani, lini, na kwa maneno gani.

Swali: Mimi nakataa kila kazi kanisani nikisema siwezi, wengine wanafaa zaidi. Rafiki yangu ameniambia hicho nacho ni kiburi. Je, ni kweli?
— Dada, Lanet, Nakuru

Jibu: Inawezekana, dada. Musa naye alisema yeye si msemaji, na Mungu alimvumilia mpaka alipoomba atumwe mwingine; hapo hasira ya Bwana ikawaka (Kutoka 4:10-14). Jiulize: ningekubali kazi hii kama hakuna mtu angeniona nikikosea? Ukijibu ndiyo, basi unachokilinda ni jina lako. Anza na kazi ndogo, kama kusoma somo la Jumapili. Lisome nyumbani kwa sauti mara tatu, na ukijikwaa kanisani, rudia neno hilo uendelee, bila kuomba radhi.