Maswali na Majibu: William bin Thomas wa Raglan

Safari iliyopita nilimgusia Sir William ap Thomas, naiti wa Wales wa karne ya 15. Maswali yamemiminika, mengine bora yasingeandikwa.

Huyu ana undugu na watu wengine wa ukoo wa "ap"?
Jamani! Nilijibu mwezi uliopita, na kabla ya hapo. "Ap" si ukoo, ni "bin". William bin Thomas, na babaye Thomas bin Gwilym. Mkewe, Gwladys ferch Dafydd, ni Gwladys binti Dafydd. Mswahili kukwama hapo ni aibu. Baba mkwe ndiye Dafydd Gam, na "Gam" nayo msiifanye ukoo: ni jina la utani, Dafydd Makengeza. Baadaye majina yakaganda Kiingereza: ap Hywel akawa Powell, ap Rhys akawa Price.

Alikufa vitani Agincourt, Ufaransa?
Hapana. Waliokufa huko 1415 ni Makengeza na Roger Vaughan, mume wa kwanza wa Gwladys. Mama wa watu alifiwa na baba na mume vita vile vile. William alifariki 1445.

Kwa nini aliitwa Naiti wa Buluu?
Rangi ya deraya yake, ndivyo isemwavyo.

Ngome ya Raglan aliipata kwa kuoa?
Nusu. Ilikuwa ya mke wa kwanza, Elizabeth Bluet, mjane wa James Berkeley. Elizabeth alipofariki, William akabaki pale chini ya mtoto wake wa kambo, hadi alipoinunua 1432. Kisha akainua mnara wa pande sita, handaki la maji limeuzunguka pande zote. Anayewaamini majirani hajengi hivyo.

Mbona wanawe ni Herbert?
Mwanawe, naye akiitwa William, alilitwaa jina hilo mwenyewe, likaja na nasaba ndefu ya kujivunia. Ninyi mnaonunua nasaba mtandaoni, hapo ndipo mjihadhari: mwenye cheo hakosi babu. Mwana huyo alifanywa Earl wa Pembroke 1468. Mwaka uliofuata, baada ya kushindwa vitani Edgecote, akakatwa kichwa, na nduguye Richard vilevile.

Gwladys naye?
Hatimaye mmeuliza! Wana wa Vaughan na wa Herbert wote wametoka tumbo lake, lakini vitabu humtaja kama "mke wa". Mshairi Lewys Glyn Cothi alimwita nyota ya Abergavenny, mji wa Wales. Alifariki 1454, na sanamu yake ya alabasta imelala ubavuni mwa ya William, kanisani Abergavenny.