Leo umetoka nje saa ngapi?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Majira yanapobadilika na moyo wako ukashuka pamoja nayo, unafanyaje?" Mara mbili nimeanza kuandika nikafuta, maana kila nikianza najikuta nazungumzia dawa. Kwangu mimi jibu lilianzia kwenye kalenda.

Kwa miaka mingi nilijua nina kipindi kibaya, ila sikujua kwamba kina mwezi wake. Kilikuja mchana unapofupika, wakati mtu anatoka kazini giza limeshaingia. Kila mwaka nilikitafutia sababu mpya: mwaka huu kazi, mwaka ujao deni, mwaka mwingine msiba uliokwisha kupita. Zilikuwa sababu za kweli, na ndiyo maana zilinipotosha muda mrefu hivyo.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja nimeivaa, ya pili nimeishika. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa 10 na mwili bado ulikuwa mzito kama sijalala kabisa. Simu ililia, nikaizima, ikalia tena. Sikuwa nalia, wala hapakuwa na wazo lolote la kusikitisha kichwani. Niliitazama tu ile soksi kama gunia ninalotakiwa kulibeba peke yangu. Dada yangu alikuwa amekuja kunitembelea. Akasimama mlangoni, akanitazama, akasema, "Mdogo wangu, hata mwaka jana mwezi kama huu ulikuwa hivi hivi." Nikakataa. Hakubishana nami.

Jioni nikatoa madaftari yangu, kwa kuwa nina mazoea ya kuandika mambo ya siku. Kurasa zilikuwa zimejaa mpaka wiki fulani, halafu mistari ikaanza kupungua, ikabaki "nimechoka" tu, kisha kurasa tupu mpaka nuru iliporudi. Nikafungua la mwaka uliotangulia: vilevile. Na la mwaka wa nyuma yake. Miaka 3, tofauti ya siku chache tu. Nilikaa na madaftari yale mapajani nikalia, na nadhani nililia kwa nafuu, kwa sababu kitu chenye tarehe unaweza kukisubiri ukiwa macho.

Madaftari hayo ndiyo niliyompelekea daktari. Akaniambia hii ni sonona ya majira, yaani ugonjwa wa moyo kushuka unaofuata msimu, na kwamba ilielezwa rasmi mwaka 1984 na daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani. Alama yake kubwa ni kurudia: inakuja msimu fulani na kuondoka msimu mwingine, kwa angalau miaka 2 mfululizo. Wengi wetu tunalala kupita kiasi, tunatamani vyakula vya wanga na vitamu, tunanenepa, tunajitenga na watu. Wapo ambao kwao mambo ni kinyume: msimu wa joto ndio unaowaangusha, wakakosa usingizi na hamu ya kula, wakawa hawatulii. Nawaomba wasomaji wasiwapuuze hao kwa sababu tu jua linawaka. Na neno "majira" lisimdanganye mtu akadhani ni sonona nyepesi. Mimi nimewahi kuambiwa kazini kwamba ni uvivu wa msimu, na neno lile liliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Daktari alinieleza pia habari ya mwanga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipobadilika. Ndani ya jicho mna seli ambazo kazi yake kubwa si kuona vitu, ni kuuarifu ubongo kwamba kumekucha. Habari hiyo hufika kwenye sehemu ndogo ya ubongo inayotunza saa ya mwili. Gizani melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, hupanda, mwanga wa asubuhi huishusha. Asubuhi inapochelewa kung'aa, saa hiyo nayo inachelewa: wewe umeshasimama bafuni unapiga mswaki, mwili wako uko usiku.

Taa za kawaida za nyumbani kwa sehemu kubwa hutoa luksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, unapata maelfu, na jua kali huweza kufikisha luksi 100,000. Yaani mtu anaweza kushinda ndani ya chumba anachokiona kina mwanga wa kutosha, na kwa saa ya mwili wake ikawa ni kama magharibi. Kwa hiyo asubuhi natoka, liwe jua, liwe wingu. Pia natumia taa ya tiba ya mwanga, ile ya luksi 10,000, dakika 20 hadi 30 mara tu baada ya kuamka. Naiweka pembeni ya meza, macho nimeyafungua lakini siikodolei. Mwenye ugonjwa wa macho, au ambaye hisia zake huwahi kupanda kupita kiasi hadi akakosa kulala na asione hatari, amwone daktari kwanza, kwa sababu mwanga huo unaweza kumpandisha zaidi.

Lakini taa inafanya kazi ukiiwasha, na mwenye sonona ndiye asiyekuwa na nguvu za kuiwasha. Ndiyo sababu nasisitiza maandalizi. Mwaka 2016 mtafiti Kelly Rohan na wenzake walitoa matokeo ya watu waliofuatiliwa kwa misimu 2 ya baridi baada ya tiba. Kufikia msimu wa pili, waliofundishwa kwa mazungumzo namna ya kukabiliana na fikra na mienendo yao walirudiwa na sonona asilimia 27 hivi, na waliotibiwa kwa taa asilimia 46 hivi. Sikuitupa taa. Nilichochukua pale ni kwamba ulichojifunza ukiwa na nguvu kinabaki nawe nguvu zikiisha. Baadhi ya watu huanzishiwa dawa za sonona na daktari kabla msimu haujafika, na hilo nalo ni jambo la busara. Ila usiziache mwenyewe kwa kuwa umejisikia vizuri.

Maandalizi yaliyonisaidia kuliko yote ni makubaliano na dada. Lugha yetu imetuzoeza kujibu "nzuri" au "salama" kabla hatujajichunguza, na mimi niliwahi kujibu "salama kabisa" nikiwa sijaoga siku 3. Basi tulikubaliana asiniulize habari. Ananiuliza, "Leo umetoka nje saa ngapi?" Swali hilo halina jibu la adabu. Ama nimetoka, ama sijatoka. Nikikosa siku 2 mfululizo, anakuja, tunatembea wote, na hanidai mazungumzo. Siku ya tatu nampigia mshauri wangu, au dada anapiga kwa niaba yangu. Tuliyaandika haya yote mwezi nilipokuwa mzima, akasaini na mimi nikasaini.

Na kama unasoma huku ukiona kwamba watu wako wangepata nafuu usingekuwepo, tafadhali usisubiri majira yapite. Mwambie mtu leo hii, kwa maneno hayo hayo, na akupeleke hospitali. Wazo hilo ni dalili ya ugonjwa, linatibika, na nimeliona likiondoka kabisa.

Ninapoandika, mchana bado ni mrefu. Kiti nimeshakisogeza karibu na dirisha la mashariki, miadi ya mshauri ni wiki ijayo, na kwenye daftari ile wiki nimeizungushia kalamu nyekundu. Jana usiku dada alipiga simu. "Leo umetoka nje saa ngapi?" Nikamwambia, "Dada, bado mapema, msimu haujafika." Akasema, "Najua, mdogo wangu. Nataka ukifika utukute tumeshazoea."