Dogo unayerudia hesabu, funika hayo majibu!

Dogo acha kwanza. Eti una pamfleti za hesabu zilizosolviwa, unataka uzisome zote mpaka ziishe ndo uanze kujipima, halafu Novemba urudie pepa ya kidato cha nne kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, na hapohapo unauliza ujisajili kituo gani? Hiyo njia yako naijua mpaka inapoishia, inaishia kwenye F.

Kuna ticha mmoja wa tuisheni kule Uyole, Mbeya, alitupeleka hivyohivyo. Anaandika swali ubaoni, anasolvu mwenyewe, sisi tunakopi, anauliza "mmeelewa?" tunaitikia "ndiyo ticha", anafuta, anahamia jingine. Hela ya tuisheni mama alikuwa anaitoa kwenye viazi, na yule bwana anajua kabisa hakuna hata mmoja wetu aliyeachiwa swali ahangaike nalo mwenyewe! Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Sikia inavyokukamata sasa. Kwenye pamfleti umepewa log (logarithimu) 2 = 0.3010 na log 3 = 0.4771, tafuta log 6. Unasoma, unaona 6 ni 2 mara 3, basi wamejumlisha log zake wakapata 0.7781, unatikisa kichwa, nyepesi kama nini, unafunua ukurasa. Kwenye chumba cha mtihani unapewa zilezile mbili ila wanataka log 4.5. Unaganda, kwa sababu ulichobaki nacho kichwani ni kujumlisha tu, hujawahi kukaa ukajiuliza 4.5 inapatikanaje kwa 2 na 3. Ni 9 gawanya kwa 2, na 9 ni 3 mara 3, basi 0.4771 mara mbili, toa 0.3010, unapata 0.6532. Fupi hivyo! Lakini kule kuiona 9 juu ya 2 hukupati kwa kusoma kazi ya mtu mwingine, mpaka usote nayo mwenyewe.

Kwa hiyo swali kwanza, majibu yamefunikwa, saa iko mezani. Pepa za miaka ya karibuni ni maswali 14 kwa saa 3, sehemu A maswali 10 ya maksi 6, sehemu B manne ya maksi 10, na unajibu yote, piga hesabu mwenyewe, la maksi 6 lisikulie zaidi ya dakika 11. Andika kila hatua, wanataka kuiona kazi. Ukikosa usikopi jibu, tafuta mstari ulioharibu, funika tena, kesho yake lirudie lote kuanzia juu. Na kabla hujapeleka hela sokoni Mwanjelwa kununua pamfleti nyingine, ingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, kuna ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure kabisa, zinaonyesha swali kwa swali watu wanaangukia wapi.

Anza leo usiku. log 2 na log 3 ni hizohizo, tafuta log 0.75. Usiguse kalkuleta, usifunue kitu, na usishtuke ikitoka chini ya sifuri. Piga picha hatua zako uziweke hapa, nikitoka kazini nazipitia.