Bustani imetanda mnanaa: je, ni kosa?

SWALI: Naishi Nyegezi, Mwanza. Nilipanda mnanaa kidogo uani, katikati ya mawe, na sasa umefunika ardhi yote. Jirani alipouona akasema, "Dada, bustani yako imetanda mnanaa!" Mwanangu wa sekondari anadai hilo ni kosa: bustani haitandi, na jirani alipaswa kusema "mnanaa umetambaa." Nani yuko sahihi? Halafu nikianza kuuza, niandike mnanaa au nanaa?

JIBU: Jirani yako amesema Kiswahili safi kabisa, na nisingependa kijana akue akiiona sentensi nzuri kama ile kuwa kosa.

Kitenzi "tanda" ni miongoni mwa vile vinavyoruhusu mahali pawe kiima. Maji yamejaa ndoo. Ndoo imejaa maji. Wingu limetanda angani; anga limetanda wingu. Hali ni ileile, ila msemaji huanza na kile anachokitazama. Jirani aliiona bustani nzima, akaanza na bustani. Kitenzi hufuata kiima chake: bustani imetanda, mnanaa umetanda. Msiingize tu "na" hapo katikati. "Bustani imetanda na mnanaa" ndilo kosa hasa. Mwenye kuitaka "na" atumie kauli ya kutendwa, "imetandwa na mnanaa," ingawa mimi naiona nzito bila sababu.

"Tambaa" haikubali kugeuzwa hivyo. Ukisema "bustani imetambaa mnanaa" hakuna atakayekuelewa, maana kinachotambaa ni kile chenyewe kinachokwenda kikigusa chini: mtoto, nyoka, marando ya viazi vitamu. Mnanaa nao hutambaa kwelikweli. Nyanyua shina moja la pembezoni: limelala juu ya udongo, na pale pingili zilipogusa unyevu zimetoa mizizi myeupe, huku machipukizi yakisimama juu yake. Ukilikata katikati, kila kipande chenye mizizi kinaendelea kukua. Ndiyo maana wengi huupanda kwenye ndoo au dumu lililokatwa, usije ukameza mboga nyingine. Kwa hiyo "mnanaa umetambaa hadi mlangoni" ni sahihi pia, lakini inasimulia mwendo wa mmea. "Umetanda" inasema umekwishafunika, na hilo ndilo jirani aliloliona.

Mpeleke kijana mwaloni siku upepo umesukuma magugumaji ufukweni. Atasikia wavuvi wakisema yametanda. Hayatambai, kwa sababu yanaelea. Na mvuvi akisema "mwalo wote umetanda magugumaji," ametumia muundo uleule wa jirani yenu.

"Umeenea" nayo inafaa. "Umesambaa" ningeiweka kwa mnanaa uliochipua hapa na pale bila kushikana.

Kuhusu biashara: mmea ni mnanaa, majani yake ni nanaa, kama ilivyo mkarafuu na karafuu, mpilipili na pilipili. Wapo wengi wanaoviita vyote viwili mnanaa, na mteja hatapotea. Lakini kama utauza vyote viwili, bango liandike "Miche ya mnanaa," na chini yake, "Nanaa ya chai, kwa fungu."