Je, Inafaa Kuwapiga Picha Wanaopewa Zaka na Sadaka?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh, mimi ni mweka hazina wa kamati ya huduma za jamii msikitini kwetu. Tunakusanya zaka na sadaka, tunawagawia wasiojiweza chakula na nguo, na baadhi yao tunawalipia kodi ya nyumba na dawa. Wafadhili wetu wanataka kila mgao upigwe picha, wahitaji wakiwa wameshika walichopewa, ili wawe na hakika kwamba mali yao imefika. Tangu tuanze hivyo, akina mama wawili wameacha kuja. Tena tuligundua mtu mmoja ana kipato kizuri na muda wote alikuwa akipokea. Sasa baadhi ya wajumbe wanasema kila mwombaji alete mashahidi na ajieleze mbele ya kamati nzima. Je, picha hizi zinafaa? Anayedai ufukara athibitishe vipi? Na je, tunaweza kutoa nauli zetu katika zaka, na kumsaidia jirani asiyekuwa Muislamu? Naogopa kubeba dhima nisiyoiweza.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake.

Dada yangu, hofu yako hiyo ndiyo inayonipa matumaini na kamati yenu. Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mtunza hazina Muislamu, mwaminifu, anayetoa alichoamrishwa kikiwa kamili na nafsi yake ikiwa radhi, akamkabidhi yule aliyeamrishwa ampe, huyo ni mmoja wa watoaji sadaka wawili. Wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi. Kwa hiyo una fungu lako katika kila kinachopita mikononi mwako, hata kama hakikutoka mfukoni mwako. Lakini yatazame masharti: uaminifu, ukamilifu na radhi ya nafsi. Mawili ya kwanza kamati nyingi zinayajua. Hili la tatu, la kutoa bila kumfanya anayepokea alipe kwa uso wake, ndilo naliona limejificha ndani ya swali lako lote.

Mwenyezi Mungu anapowasifu waja wake katika Suratul Maarij (70:24-25) anasema kwamba katika mali zao kuna haki maalumu ya mwenye kuomba na asiyeomba akanyimwa. Ameiita haki. Zaka mliyonayo kwenye sanduku muna haki ya watu ndani yake, nanyi ni wachukuzi mliotumwa kuifikisha. Mchukuzi aliyetumwa kumpelekea mtu kilicho chake hamwambii asimame, ageuke, atabasamu, ndipo ampe.

Nije kwenye picha. Miaka mingi nyuma nilikaa katika kamati kama yenu. Siku ya mgao alifika mama mmoja amempakata mtoto. Kijana aliyekuwa na simu akamwambia, “Mama, inua mfuko kidogo, jina la mfadhili halionekani.” Akauinua. Mkono mmoja una mtoto, mkono wa pili una mfuko. Hakubakiwa na mkono wa kuvuta mtandio afunike uso wake. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na sikusema kitu. Mwezi uliofuata jina lake liliitwa mara tatu, hakuitika mtu. Baadaye jirani yake alitueleza kwamba picha ile ilizunguka katika simu mpaka ikamfikia mwanawe mkubwa darasani, wenzake wakamcheka. Namuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa kunyamaza kwangu siku ile, na ninakujibu leo nikiwa na mama yule mbele ya macho yangu.

Wanaotetea picha hutoa hoja kwa aya ya Suratul Baqara (2:271), inayosema kwamba mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafukara ni bora zaidi kwenu. Ni kweli, kudhihirisha kumeruhusiwa, na kuna kheri yake pale watu wanapohamasika. Walipokuja kwa Mtume (s.a.w.) watu wa kabila la Mudhar wakiwa karibu uchi kwa dhiki, uso wake ulibadilika kwa huzuni, akawahutubia watu, wakaanza kuleta mmoja mmoja hadharani mpaka yakapatikana marundo mawili ya chakula na nguo, na uso wake ukang'ara. Hadithi hii iko kwa Muslim. Basi tazama ni nini kilichodhihirishwa. Aya inazungumzia kuidhihirisha sadaka. Haisemi kumdhihirisha fukara. Mwenye kutoa akitaka kujulikana kwamba ametoa, hilo ni baina yake na nia yake. Uso wa mpokeaji si mali yake hata auoneshe.

Na katika sura hiyo hiyo (2:264) tumekatazwa kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Masimbulizi ya zamani yalikuwa ya mdomo: mtu anakukumbusha kila mkikutana kwamba alikulisha. Ya mdomo husahaulika msemaji akifa. Hii picha inabaki, inahama kutoka simu hadi simu, na miaka kumi baadaye mtoto aliyepakatwa anaikuta. Sijui masimbulizi yenye umri mrefu kuliko haya.

Mtaniambia, “Tunawaomba ruhusa kwanza, nao wanakubali.” Dada yangu, mtu ambaye watoto wake wanasubiri chakula atakataa kwa ulimi gani? Ridhaa inayotolewa mbele ya mfuko wa unga ambao mwombaji anahisi ataukosa akisema hapana, mimi siihesabu kuwa ridhaa. Kwa hivyo jibu langu ni hili: haifai kuifanya picha ya mpokeaji kuwa sharti la kupewa zaka, wala kuisambaza picha inayomtambulisha. Zaka sharti zake zimewekwa na Mwenyezi Mungu katika aya ya Suratut Tawba (9:60), inayotaja mafungu ya wanaostahiki kupewa, na kupigwa picha hakumo. Kupiga picha ya mizigo ilivyopangwa, au gari likipakia, hakuna ubaya.

Hata hivyo wafadhili wana haki ya kujua mali yao imekwenda wapi, na haki hiyo isidharauliwe, maana wizi katika amana za mafukara ni balaa tunaloliona. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibnul Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi, Mtume (s.a.w.) alimfanyia hesabu, na yule bwana akasema, “Hiki ni chenu, na hiki nimepewa zawadi.” Mtume (s.a.w.) akakasirika, akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Aliyehesabiwa pale ni mtumishi. Mzigo wa kuthibitisha uaminifu ni wa kwenu nyinyi wanakamati, msiutue juu ya mabega ya wanaopokea. Wekeni daftari lenye namba badala ya majina, kila mpokeaji atie saini au alama ya kidole, risiti zote zihifadhiwe, na wafadhili wachague watu wawili wenye kuaminika, wasio katika kamati, waje kulikagua na ikibidi wamtembelee mtu mmoja mmoja kwa staha. Mfadhili ambaye hatosheki na hayo ila kwa kuona uso wa mwanamke fukara, mwelezeni kwa upole hukumu hii. Akishikilia, mrudishieni mali yake. Riziki za waja haziko mikononi mwake.

Anapofariki Ali bin Hussein, mjukuu wa Sayyidna Ali (r.a.) aliyejulikana kwa jina la Zaynul Abidin, walioosha maiti yake walikuta alama mgongoni. Ndipo ikajulikana kwamba usiku alikuwa akibeba mizigo ya chakula kupeleka milangoni mwa masikini wa Madina, na kuna nyumba zilizokuwa zikiishi bila kujua riziki inatoka wapi mpaka ilipokatika kwa kifo chake. Alama ilikuwa kwenye mwili wa mtoaji.

Kuhusu uthibitisho, wajumbe wenu wana sababu ya kuhofia, ila dawa waliyoichagua ni kali kuliko ugonjwa. Katika Hija ya kuaga walikuja watu wawili kuomba zaka. Mtume (s.a.w.) akawatazama juu na chini, akawaona wana nguvu, akawaambia: mkitaka nitawapa, lakini hana fungu ndani yake tajiri wala mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Wameipokea Abu Daud na Nasai. Aliwapa mawaidha, akawaachia dhima, hakuwaita mashahidi.

Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamefuata njia hiyo: anayesema “mimi ni fukara” husadikiwa kwa neno lake. Anayedaiwa ushahidi ni yule aliyejulikana kuwa na mali kisha akadai imeangamia, na anayedai ana watu anaowalisha, na anayedai ana deni. Na ushahidi wenyewe tunajifunza sura yake katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (r.a.) iliyoko kwa Muslim, ambapo kwa mtu aliyepatwa na ufukara wametajwa watatu wenye akili katika watu wake, waseme kwamba fulani kweli amefikwa na dhiki. Katika watu wake. Si mbele ya baraza la watu asiowajua. Kwa hiyo mwanakamati mmoja, na kwa mwanamke awe mwanamke, aende kimya kimya amuulize jirani, ndugu au imamu, kisha aandike “anastahiki” au “hastahiki”, na maelezo ya ndani ya nyumba ya mtu yabaki kwake. Kamati nzima haina haja ya kujua mume wa nani amekimbia.

Yule mwenye kipato mliyemgundua, mwambieni kwa siri arudishe, na kilichorudi kiende kwa anayestahiki. Nyinyi kama mlijitahidi kwa uaminifu hamna dhambi. Ninachokuombeni ni kwamba kosa la mtu mmoja msiwalipishe wengine wote. Ukiweka kizuizi kirefu mlangoni, mwongo hupanda akaruka, kwa kuwa hana haya. Anayeishia nje ni yule mwenye haya. Na huyo mwenye haya ndiye aliyetajwa na Mwenyezi Mungu katika Baqara (2:273), ambaye asiyejua hali yake humdhania ni tajiri kwa vile anavyojizuia, na hang'ang'anii watu kwa kuomba. Mtume (s.a.w.) naye akasema masikini si huyu anayezunguka kwa watu akirudishwa na tonge moja au mawili, bali ni yule asiyekuwa na cha kumtosha, wala hatambuliwi akapewa, wala hasimami kuomba. Kamati inayokaa mezani kusubiri foleni haitamwona kamwe.

Juu ya kununua chakula na nguo kwa fedha za zaka: kwa madhehebu yetu, zaka ya fedha hutolewa fedha, na inakuwa milki ya mpokeaji, aifanyie analoliona. Mahanafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, wameruhusu kutoa thamani yake kwa vitu. Ninachokishauri ni kwamba vifurushi mvitoe katika sadaka, ambayo ina wasaa, na zaka mumpe mwenyewe mkononi. Anaijua nyumba yake kuliko sisi. Pengine unga anao na kinachomkosesha usingizi ni deni. Mkitaka kumlipa mwenye nyumba au duka la dawa moja kwa moja, mpate kwanza idhini ya mpokeaji. Na kama zaka inatosha, msiigawe vipande vidogo visivyomtoa mtu popote. Wanachuoni wa Shafi wamesema mwenye ufundi anunuliwe vyombo vya kazi yake, na mfanyabiashara apewe mtaji unaomfaa, ili asirudi tena kupokea. Cherehani moja kwa mshonaji ina kheri kuliko mifuko thelathini aliyoifuata kwa miguu.

Nauli zenu msizitoe katika zaka. Fungu la watumishi wa zaka ni la walioteuliwa na mtawala wa Waislamu. Nyinyi ni mawakala wa watoaji. Zitoeni katika sadaka, kwa idhini ya wenye kutoa, na kwa kiasi cha gharama halisi. Na jirani asiyekuwa Muislamu, zaka kwa kauli ya wanachuoni walio wengi hapewi, ila sadaka apewe, na apewe kwa moyo mkunjufu. Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwafanyia wema wasiotupiga vita (60:8). Tengeni masanduku mawili na hesabu mbili, tatizo hili litaondoka.

Sasa wale akina mama wawili. Usisubiri kikao kijacho. Nenda wewe mwenyewe, jioni watu wanapokuwa ndani, bila simu mkononi, na uwapelekee migao yote waliyoikosa tangu waache kuja. Waombe radhi kwa niaba ya kamati, nao wana haki ya kukusikiliza au kukataa. Kisha uwaambie kwamba picha zao mmezifuta na mmemtaka kila mliyemtumia azifute. Na kwa hiyo hakikisha jambo hilo limefanyika kabla hujagonga mlango.

Wallaahu a'alam.