Jiji lenye jina la mti wa malisho

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha pili, na kwenye atlasi yake kuna mji wa Meksiko ulioandikwa Oaxaca. Tumeshindwa hata kuusoma. Unatamkwaje, na jina hilo limetoka wapi?
Mama Zai, Mnazi Mmoja, Lindi

JIBU: Marahaba, Mama Zai. Mwambie asome “Wahaka”, mkazo kwenye “ha”. Ni makao makuu ya jimbo la jina hilohilo, kusini mwa Meksiko.

Jina lenyewe ni la mti, na mti huo unaujua. Ni lusina, ile tunayowakatia mbuzi: maua meupe ya mviringo, maganda bapa yanayoning'inia vichala na kuchakarika yakikauka. Asili yake ni huko Meksiko, ambako yeye na ndugu zake huitwa huaje, tamka “wahe”. Sokoni Oaxaca maganda mabichi huuzwa kwa mafungu, watu wakabandua mbegu na kuzila mbichi au za kukaanga. (Mbuzi wako wachanganyie majani mengine, lusina ikizidi hunyonyoa manyoya.)

Waazteki, watu waliotawala sehemu kubwa ya Meksiko kabla ya Wahispania, walipoweka kambi ya askari pale, miaka ya 1480, chini ya kilima chenye miti hiyo, walipaita Huaxyacac. “Huax” ni mti huo, “yaca” ni pua, yaani ncha ya kilima, na “c” ya mwisho hufanya kazi ya “-ni” yetu katika Mikindani. Sisi wa pwani nchi iliyochomoza twaiita rasi, neno la Kiarabu lenye maana ya kichwa. Wao waliona pua.

Wahispania wakaja, wakaujenga mji upya na kuuita Antequera, jina la mji wa kwao. Mwaka 1532 mfalme wao akaupa hadhi ya jiji kwa jina hilo. Lakini Meksiko ilipopata uhuru mwaka 1821, Antequera likaachwa na jina la mti, Huaxyacac lililogeuka Oaxaca katika Kihispania, likashika. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote: karibu miaka mia tatu ya hati na mihuri haikulifuta.

Mwaka 1872 likaongezwa “de Juárez”, kumuenzi Benito Juárez aliyefariki mwaka huo. Alikuwa Mzapoteki, mtu wa kabila la wenyeji wa huko, wa kijiji cha Guelatao, yatima tangu akiwa na miaka mitatu. Aliingia mjini humo na miaka 12, Kihispania kikimpiga chenga, akaja kuwa gavana wa jimbo, kisha rais wa nchi. Atlasi nyingi hukikata kipande hicho cha jina. Binti akiongeze kwa kalamu.