Anza na Majina Yaliyo Chini ya Bango

Mwaka 1999, mjini Biloxi, Mississippi, Aaron Lewis wa bendi ya roki ya Staind alibaki jukwaani na gitaa lake, bila wenzake, akaimba "Outside", wimbo ambao bendi yake ilikuwa bado haijautoa kwenye albamu yoyote. Kando yake alikuwepo Fred Durst, mwimbaji wa bendi ya Limp Bizkit, akimwitikia na kuwasemesha mashabiki waliowasha vibiriti vya gesi. Rekodi ya usiku ule iliingia kwenye albamu ya Family Values, ziara ya pamoja ya bendi kadhaa, ya mwaka huo. Vituo vya redio vya Marekani vikaichukua kutoka humo na kuipiga miezi na miezi. Toleo la studio, lenye bendi nzima, lilikuja baadaye, mwaka 2001, kwenye albamu ya Break the Cycle.

Mimi niliusikia Tudor, Mombasa, nyumbani kwa binamu yangu aliyerudi kutoka Texas na begi la sidii. Nilikuwa sijui hata bendi moja kati ya zilizoandikwa kwenye jalada. Nilichokijua baada ya dakika tano ni kwamba nimemsikia mtu akiimba jambo linalomuuma, na maelfu ya watu wakinyamaza kumsikiliza. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta albamu za namna hii: zile za mseto, zenye bendi nyingi pamoja, zilizorekodiwa laivu kwenye matamasha ya roki nzito yanayohama mji hadi mji. Nimepoteza pesa, nimepata hazina, na kila mara kijana akiniuliza aingie wapi kwenye muziki huu, namwelekeza huko. Ila namwelekeza pia namna ya kuingia, kwa sababu wengi huingia kwa mlango usiofaa.

Mlango usiofaa ni jina kubwa. Mtu anachukua albamu ya Ozzfest, tamasha la ziara la roki nzito, anakwenda moja kwa moja kwa mwimbaji Ozzy Osbourne au bendi yake ya Black Sabbath, anasikiliza wimbo mmoja au miwili, basi. Ozzy aliacha albamu zake nyingi za laivu, ndefu na nzuri kuliko kipande hicho. Ukimtaka yeye, zitafute hizo. Albamu ya tamasha ina thamani kwa ajili ya wale ambao majina yao yaliandikwa chini kabisa ya bango, kwa herufi ndogo, waliopanda jukwaani mchana jua likiwa utosini, wakapewa nusu saa au pungufu, wakashuka. Kwa bendi nyingi za aina hiyo, ile ndiyo rekodi pekee nzuri ya jukwaani waliyowahi kuachiwa.

Ozzfest yenyewe ilianza hivyo, kwa kukataliwa. Sharon Osbourne, mke na meneja wa Ozzy, alitaka mumewe awekwe kwenye Lollapalooza, tamasha la ziara lililokuwa likivuma Marekani tangu 1991. Akakataliwa. Akaamua kuanzisha lake. Oktoba 1996 lilifanyika siku mbili tu, Phoenix na kisha San Bernardino, California. Watu walijaa, na kuanzia 1997 likawa ziara kamili ya kiangazi. Albamu iliyotokana na zile siku mbili ilitoka 1997. Ndani yake, pamoja na Ozzy, wamo Sepultura wa Brazil, wamo Fear Factory, na wamo Neurosis, bendi ya Oakland ambayo muziki wake ni wa polepole, mzito kama mawe yanayoporomoka. Ukipata nafasi ya kusikiliza kipande kimoja tu cha albamu ile, kiwe "Locust Star" ya Neurosis. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani mashine yangu imeharibika. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa sakafuni, sitaki mtu anisemeshe.

Jukwaa la pili la Ozzfest, lile dogo la bendi changa, ndilo lililokuwa shule. System of a Down walipiga huko 1998, mwaka uliofuata wakahamia jukwaa kubwa. Slipknot walipiga huko 1999, na kufikia 2001 walikuwa miongoni mwa majina ya juu. Disturbed walikuwa jukwaa la pili mwaka 2000, wakapanda la kwanza 2001. Waandaaji wenyewe walitambua uzito wa jukwaa hilo, ndiyo maana mwaka 2001 ikatoka albamu nzima ya jukwaa la pili peke yake. Kwa maoni yangu hiyo ni ya lazima kwa mtu anayetaka kujua roki nzito ya miaka ile ilitoka wapi. Bendi nyingine zilizomo humo zilivunjika miaka michache baadaye, lakini sikiliza wanavyopiga: wanapiga kama watu waliosafiri usiku kucha kwenye gari bovu ili wapewe dakika ishirini, na wengi wao ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kuhusu jalada. Kabla hujatoa pesa, ligeuze usome nyuma. Tafuta pameandikwa wimbo gani ulirekodiwa wapi na lini. Albamu inayokuambia mji na tarehe ya kila kipande imetengenezwa na watu wanaoheshimu kazi yao. Isiyosema chochote, itilie shaka. Niliwahi kununua kwa njia ya mtandao albamu yenye jina la tamasha, picha ya umati jaladani na bei ya kunifanya nile mihogo wiki nzima. Ilipofika nikakuta nyimbo zote ni za studio, zilezile nilizokuwa nazo tayari. Muuzaji hakusema uongo, kwa sababu jaladani hapakuwa na neno laivu popote; mimi ndiye niliyeona picha ya umati nikajijazia mengine. Kuna matamasha mengi ya ziara yanayotoa mseto wa nyimbo za studio ili kutangaza bendi za mwaka huo. Hizo si mbaya, lakini si kitu hiki ninachokizungumzia.

Angalia pia nani hayupo. Bango la tamasha na orodha ya albamu hazilingani karibu kamwe. Mfano ninaoupenda ni wa kale kidogo. Tarehe 16 Agosti 1980 tamasha la Monsters of Rock lilifanyika mara ya kwanza huko Donington, Uingereza. Miaka ile lilikuwa la mahali pamoja. Baadaye jina hilohilo likazunguka Ulaya, na 1988 likazunguka Marekani likiongozwa na Van Halen. Siku ile ya kwanza walipiga Rainbow, Judas Priest, Scorpions, April Wine, Saxon, Riot na Touch. Kampuni ya Polydor ikatoa albamu. Wote wamo isipokuwa Judas Priest, bendi iliyokuwa ya pili kwa ukubwa siku hiyo. Mtu atakayeisikiliza bila kujua bango lilivyokuwa atadhani Priest hawakuwepo. Kila bendi ina kampuni yake na mkataba wake, na kampuni isiporuhusu, dakika hamsini za moto zinatoweka kwenye kumbukumbu kana kwamba hazikutokea. Kwa hiyo kila ninapopata albamu mpya hutafuta kwanza bango la tamasha hilo, naliweka kando ya orodha ya nyimbo, nahesabu waliokosekana. Wale waliokosekana nawatafuta kwingine. Kwa njia hiyo albamu moja imenifungulia kumi.

Kuhusu sauti nina mengi, kwa sababu hapa ndipo watu huzikataa albamu hizi bila kuzipa haki. "Sauti mbovu," wanasema. Mimi nililelewa na shangazi aliyekuwa na sanduku la kanda za taarab zilizorekodiwa harusini, hapahapa Pwani. Humo unamsikia mwimbaji, unasikia vigelegele, unasikia viti vikisogezwa watu wakienda kumtunza. Shangazi alikuwa akisikia kigelegele fulani anataja jina la aliyekipiga. Nilipokutana na umati wa Biloxi sikuhitaji kufundishwa. Kelele za watu ni sehemu ya wimbo.

Lakini kelele hizo hutengenezwa, nawe yafaa ujue zinavyotengenezwa. Kila kipaza sauti cha jukwaani hugawanywa njia mbili: moja inakwenda kwenye spika za uwanjani, nyingine kwenye gari la kurekodia lililoegeshwa nyuma. Vipaza sauti vingine vinaelekezwa kwa mashabiki tu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kipaza sauti kilichoko mita 30 kutoka jukwaani kinaipokea ngoma karibu sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kupigwa. Mchanganya sauti asipozisogeza rekodi hizo zikae pamoja, utasikia ngoma mbili badala ya moja, na gitaa litakuwa kama limefunikwa blanketi. Akizisogeza vizuri, unajisikia umesimama katikati ya watu. Usikilize kwa hedifoni mara ya kwanza, polepole, uangalie umati uko wapi: mbele yako, nyuma yako, au umebandikwa tu mwanzoni na mwishoni mwa wimbo.

Halafu sikiliza maungio. Tamasha la ziara hupita miji mingi, na nyimbo za albamu zinaweza kuwa zimetoka miji mitano tofauti, ila makofi yameunganishwa kwa ufundi hadi unadhani ni usiku mmoja. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni pale kiitikio kinaposikika kisafi kupita kiasi, sauti tatu zimepangana sawasawa, ilhali mwimbaji dakika moja kabla alikuwa akihema. Hapo mtu alirudi studio kurekebisha. Albamu ninazozipenda zina makosa ndani yake: kamba ya gitaa imeteleza, mwimbaji amesahau mstari, umati umemkumbusha.

Ukinunua sidii ya mtumba, inamishe chini ya mwanga. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni huvumilika. Inayofuata mzunguko ndiyo inayoua wimbo. Ukiihamishia kwenye kompyuta, tumia programu inayocheza nyimbo bila pengo katikati. Kwenye albamu ya laivu lile pengo la nusu sekunde linakata makofi na kuharibu kila kitu. Na usitegemee kwamba utazikuta zote kwenye huduma za kusikilizia muziki mtandaoni. Mikataba ileile iliyowafungia nje Judas Priest ndiyo inayozifungia albamu nyingi leo. Nyingine zilitoka na DVD yake. Ikiwepo, ichukue, kwa sababu humo mara nyingi mna bendi ambazo kwenye sidii hazimo.

Kama unaniuliza uanze na ipi, nitakutajia Family Values ya 1998. Korn waliianzisha ziara hiyo na kuiongoza, na nyuma yao walikuwepo Limp Bizkit, Rammstein, Orgy, na Ice Cube, mwanahiphopu katikati ya magitaa. Mwishoni Incubus wakachukua nafasi ya Ice Cube, na albamu iliyotoka 1999 inawajumuisha wote. Sikiliza Rammstein wakiimba Kijerumani mbele ya vijana wa Kimarekani wasioelewa neno, wasiojali pia. Kwa msikilizaji wetu, aliyezoea kucheza Lingala bila kuijua, hapo hapahitaji maelezo.

Ukimaliza hiyo nenda ya 2001. Ziara ile walikuwa pamoja Stone Temple Pilots na Linkin Park, bendi ya wakubwa na bendi ya vijana waliokuwa wanapanda kwa kasi. Kwenye albamu kuna "Wonderful" ya Stone Temple Pilots, ambamo Scott Weiland anaimba pamoja na Chester Bennington wa Linkin Park. Chester aliipenda bendi ile tangu utotoni. Mwaka 2013 akawa mwimbaji wao, akishika nafasi ya Weiland. Weiland akafariki Desemba 2015, Chester akafariki Julai 2017. Siwezi tena kuusikiliza wimbo huo nikiwa nafanya kazi nyingine. Hakuna studio ambayo ingewaleta wawili wale pamoja mwaka ule. Ni ziara iliyowaleta, kwa sababu walikuwa wanapishana nyuma ya jukwaa kila jioni.

Vivyo hivyo Dave Williams, mwimbaji wa bendi ya Drowning Pool. Alikutwa amefariki kwenye basi la bendi yake Agosti 2002, Virginia, ziara ya Ozzfest ikiendelea, moyo wake ukiwa na maradhi ambayo hayakuwa yamegunduliwa. Alikuwa na umri wa miaka 30, na albamu moja tu ya studio na bendi hiyo. Kwa mtu kama yeye kila kipande kilichorekodiwa jukwaani ni cha kuhifadhiwa, hata kama sauti imepasuka.

Ile sidii ya Biloxi binamu aliniachia aliporudi Texas. Jalada lake limepasuka bawaba na ukurasa wa katikati umepotea, ila inacheza. Mwezi uliopita nilimwekea mpwa wangu wa miaka kumi na sita, hedifoni masikioni, bila kumwambia chochote. Wimbo wa Lewis ulipokwisha hakuvua. Aliuliza yule bwana mwingine anayesema nyuma ni nani, kisha akaomba nirudishe mwanzo.